Mtoro wa Rugarama

Mlima wa Rugarama uliporomoka kabla ya adhuhuri, siku ya manyunyu, wanaume wa barabara wakiwa wanaukata ubavu wake ili magari mawili yaweze kupishana. Haukupiga kelele nyingi. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe ng'ambo ya bonde walisikia kitu kama kundi la ng'ombe likishuka malishoni, wakainua vichwa, wakaona kwamba mahali palipokuwa na watu sasa pana udongo mtupu.

Verdiane alikuwa mmoja wao. Alijua mume wake, Sebarenzi, anafanya kazi upande ule, lakini wafanyakazi walikuwa wengi na aliona baadhi yao wakikimbia. Alijiambia kwamba yule mwenye koti la kahawia ndiye. Alilifuata koti lile kwa macho mpaka lilipogeuka, na uso ukawa wa mtu mwingine.

Jioni Evode, mdogo wake Sebarenzi, alipanda mpaka nyumbani. Evode alikuwa kapita, msimamizi wa watu wa kilima chao kwenye kazi ya barabara. Alisimama uani na kofia yake ya kazi kichwani, tope limemfika magotini, mbele ya mama yake, Nyiransabimana, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama, mulima ilianguka," alisema.

"Tuliona. Kaka yako iko wapi?"

"Tulimutoa Nzabonimpa, na muntu mumoja wa Mweso. Bote bamekufa."

"Nimekuuliza kaka yako."

Evode akavua kofia. "Iko chini, mama."

"Basi batu banachimba."

"Tulichimba. Muzungu wa barabara akasema tuache. Kamio za mizigo zilikuwa zinangojea huku na huku. Akasema udongo ingine tuisukume ku bonde, yenye inabakia tuisawazishe na tuipige."

Verdiane alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake na jembe lake bado begani. "Muliipiga na yeye ndani?"

Evode aliigeuza kofia yake mikononi.

"Weye njo uliambia batu bapige?"

"Niliambiwa, shemeji. Nami nikaambia batu."

Majirani walikuwa wameanza kuingia uani, wanawake wakiwa wamejifunga vitambaa viunoni, tayari kwa kilio. Nyiransabimana aliinua mkono kuwazuia. Alisema kwamba mtu ambaye hajamwona hawezi kumlilia. Wamlete kwanza, aoshwe, alale chumbani mwake. Hapo ndipo wataingia na kulia. Kisha akainamia ungo wake akaendelea kuchambua, na wanawake wale wakabaki wamesimama bila kujua waende wapi.

Barabara ile watu wa Rugarama waliijua tangu ilipokuwa njia ya miguu. Baba wa Sebarenzi na Evode aliipita akiwa na mizigo ya maharagwe, akishuka mpaka Sake kuyabadilisha kwa chumvi na samaki wa ziwani. Baadaye wazungu walipitishwa humo kwa machela. Ilipofika miaka ya vita vya wazungu, kila mwanaume aliitwa na jembe lake la nyumbani, na njia ikapanuliwa ikawa ya magari, wake zao wakisomba udongo kwa vikapu walivyotumia kuvunia. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na mashamba ya kahawa na pareto yalikuwa yameenea, na kamio, yale malori makubwa, zilipanda kutoka kusini, zikapita Kitshanga, zikaendelea kaskazini. Watu walisema ukiifuata bila kukata tamaa utafika nchi ambako mito yote imegeuza mwelekeo. Katika kilima kizima hakukuwa na mtu aliyewahi kupanda hata gari moja.

Asubuhi Verdiane alikwenda shantie, mahali pa kazi, akifuatana na Papa Damien, katekista wa kapela yao, kwa sababu alijua Kifaransa. Mzungu wa barabara waliyemwita Bwana Kamba, kutokana na kamba aliyopimia, alikuwa anakula chini ya hema. Mpishi wake aliwaambia wasimame mbali kidogo, miguu yao ina tope. Wakasimama kwenye manyunyu mpaka alipomaliza yai lake, akafuta mdomo, akawaita.

Papa Damien alizungumza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, na Kifaransa chake kilikuwa cha misale, kitabu cha sala. Maneno ya kuomba alikuwa nayo mengi kuliko ya kudai. Bwana Kamba alisikiliza, akatazama barabara, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema nini?" Verdiane akauliza.

"Anasema anasikitika."

"Na kuchimba?"

"Anasema mulima bado ni mubaya. Ukigusa pale, itashuka tena. Na mukubwa wa Bukavu anakuja kuangalia barabara. Anasema tungojee."

"Tungojee nini, Papa Damien?"

Katekista hakulipeleka swali hilo mbele. Bwana Kamba alimnong'oneza mpishi, naye akatoka hemani na chumvi iliyofungwa katika karatasi, akamkabidhi Verdiane mkononi. Ilikuwa chumvi nyeupe, nzuri, si ile ya vipande ya sokoni. Verdiane aliitazama. Hakujua namna ya kuikataa. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa tangu utotoni, akasema asante, na sauti yake mwenyewe ikamchoma masikio.

Wakashika njia ya kurudi. Walipofika penye udongo mpya, kamio iliyojaa magunia ya kahawa iliwapita, nao wakapanda ukingoni kuipisha. Verdiane aliyaona magurudumu yakipita polepole juu ya udongo ule, yakiukandamiza. Aliona pia kwamba hakujua yamepita wapi hasa; kichwani, kifuani, ama kando.

Hofu nyingine ilikuja siku chache baadaye na polisi wa teritwari, yaani wilaya. Alikuwa mtu mrefu aitwaye Hakorimana, na alifika kwa Nyiransabimana kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. Aliomba kiti, akakaa, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema amekuja kumtafuta Sebarenzi.

"Sebarenzi amekufa," Verdiane alisema.

"Nani aliona maiti?"

"Kikosi kizima kiliona mulima inamufunika."

"Mama, mimi sikuwa pale. Mimi ninaambiwa batu babili bamekufa. Babili balionekana, babili balizikwa. Wa tatu, kila asubuhi ku apeli banaita jina lake, haitikii. Muntu mwenye haitikii apeli, ni mutoro."

"Nani anaita hilo jina?"

Hakorimana alishangaa kidogo kuulizwa. "Kapita wake. Evode."

Nyiransabimana, aliyekuwa akiwasha moto, alisimama. Moshi wa kuni mbichi ulimzunguka, akawa kama haoni aliko.

Polisi alieleza, bila ukali, kama mtu anayesema habari za mvua. Mtoro akikosekana, mke wake anachukuliwa na kuwekwa gerezani Masisi mpaka mume ajitokeze. Shamba lake anapewa mtu mwingine anayetumikia barabara. Jumatatu atarudi kumchukua. Kama Sebarenzi yuko porini upande wa Walikale, afadhali wampelekee habari.

"Na kama hataweza kujitokeza?" Verdiane akauliza.

"Basi utakaa kule muda murefu," Hakorimana alisema, akasimama, akashukuru kwa maji.

Siku hiyohiyo Verdiane alikwenda nyumbani kwa Evode. Nyumba hazikuwa mbali. Shamba moja la ndizi lilizitenganisha. Annonciata, mke wa Evode, alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Alimkaribisha kwa macho yaliyotazama chini, akatoka, akawaacha.

"Ni kweli unamuita?" Verdiane akauliza.

Evode alikuwa anakwangua tope kwenye beleshi. Aliendelea kukwangua.

"Ni kweli?"

"Majina iko mu kichwa yangu, shemeji. Ninaanza kwa wa kwanza, ninafika kwa wa mwisho. Bwana Kamba anasimama kando yangu. Alisema jina ya Sebarenzi niitaje. Nikishataja, ninangoja, halafu ninasema, hayuko."

"Unangoja."

"Ninangoja kama kwa bengine."

"Na batu bako banasikia."

"Banaangalia chini."

Verdiane alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini alimwona shemeji yake amekonda katika muda mfupi, shingo imetoka, na maneno yale yakamtoroka. "Juu ya nini, Evode?"

"Juu akisema batatu, bakubwa batauliza juu ya nini aliacha kuchimba. Babili ni ajali. Wa tatu mwenye aliachwa ni maneno ingine. Aliniambia nikifungua kinywa, atasema ni mimi kapita njo nilificha. Nitafungwa. Annonciata iko karibu kuzaa. Mama iko kwa nani? Weye uko kwa nani? Nilisema, Sebarenzi amekufa, hata nikisema hatarudi. Acha nitunze nyumba mbili."

"Nyumba gani mbili? Jumatatu mimi niko Masisi. Shamba inakwenda. Mama atakaa wapi?"

Evode aliweka beleshi chini. Hilo hakuwa ameambiwa. Verdiane aliona wazi kwamba hakuwa ameambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu mlima uanguke alimhurumia, na huruma hiyo ikamkasirisha.

"Iko mahali gani?" aliuliza.

"Shemeji."

"Barabara ni ndefu. Iko mahali gani?"

Evode alifunika uso kwa viganja vyake. Verdiane alingoja kwa muda, kama mtu anayeita jina, kisha akaondoka.

Jumapili, baada ya sala, Papa Damien aliwaita Verdiane na wanawake wachache nyuma ya kapela. Alikuwa amefikiri. Siku ya Bwana shantie ni tupu, wazungu wamekwenda Kitshanga kwa wenzao. Wakienda leo na majembe, hakuna atakayewazuia. Watampata, watamzika, yeye mwenyewe ataongoza maombi.

Wanawake waliafiki. Béata, mjane wa Nzabonimpa, alikuwa tayari amevua kitambaa chake kizuri.

"Hapana," Verdiane alisema.

"Mama Verdiane, kesho polisi anakuja."

"Tukimutoa leo, kesho Bwana Kamba atasema nini? Atasema alikuwa mutoro, akarudi nyumbani, sisi tukamuua tukamuzika. Atasema yote yenye anapenda. Bwana yangu aliingia mu barabara mbele ya batu, mu muchana. Atatoka mbele ya batu, mu muchana."

Papa Damien aliangalia mikono yake. Labda alikumbuka hema, na mzungu akifuta yai mdomoni, na Kifaransa chake kikiomba tu. "Basi kesho," alisema, "na mimi nitakuwa pale."

Jumatatu ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara. Wanaume wa kikosi walijipanga upande wa bonde, sururu na majembe mbele ya miguu yao. Bwana Kamba alikuwa na koti la mvua. Hakorimana alikuwa amefika mapema, kwa vile njia yake ya kwenda kwa Verdiane ilipitia hapo. Evode alisimama mbele, akaanza kuita.

Kila mtu aliitikia. Wanawake walikuja kwa njia ya mgombani wakati majina yakiendelea, si wengi, wakiwa na majembe begani kama wanaokwenda kupalilia, na Papa Damien nyuma yao. Hakuna aliyewakataza, kwa sababu barabara ilikuwa pia njia ya mashamba yao.

"Sebarenzi," Evode akaita.

Akangoja.

"Iko hapa," Verdiane alisema.

Safu nzima iligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, penye udongo uliopigwa. "Iko hapa chini. Anaitikia kila siku, lakini weye umemusimamia juu."

Bwana Kamba aliuliza kitu kwa Kifaransa, na Papa Damien akamjibu. Alisema waziwazi kwamba mwanamke huyu amekuja kumtoa mume wake. Verdiane hakungoja majibizano yao. Aliinua jembe akalipiga barabarani. Udongo ulikuwa mgumu, jembe liliruka. Alilipiga tena. Béata alikuja kando yake, kisha wengine, na ukawa mlio wa vyuma dhidi ya ardhi iliyoshindiliwa, mlio mkavu usiofanana na wa shambani.

"Kapita," Bwana Kamba alisema kwa Kiswahili chake cha kazi, "toa hawa. Chukua fimbo."

Fimbo, ule mjeledi wa ngozi ya kiboko, ilikuwa mkononi mwa Hakorimana. Polisi aliinyoosha kuelekea kwa Evode, kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa. Evode alitembea mpaka kwake. Aliiangalia fimbo, akapita. Alifika mahali wanawake walipokuwa wakichimba, akasimama karibu na shemeji yake.

"Si hapo," alisema. "Muko munachimba mbali. Aliangukia huku, karibu ya mulima. Niliona mukono yake mpaka mwisho."

Alivua kofia ya ukapita, akaiweka ukingoni, akachukua sururu ya mtu wa kwanza katika safu. Mtu yule hakuizuia. Evode alipiga pigo moja, la pili, na kwa la tatu safu ilivunjika, wanaume wakaja wote. Bwana Kamba alipiga kelele, akamwamuru Hakorimana, akaamuru tena. Hakorimana alisimama na fimbo imening'inia mguuni. Alikuwa amesema hakuona maiti. Sasa alingoja kuiona.

Kamio moja ilifika kutoka Sake, ikasimama. Nyingine ilifika kutoka kaskazini, ikasimama. Madereva walishuka, wakatazama, wakavua kofia.

Walimkuta kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Evode aliacha sururu, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole, na hakutaka mtu mwingine amguse kichwani. Alitoa udongo masikioni mwa kaka yake. Verdiane alisimama juu ya shimo na mkeka aliokuja nao, akiwa ameukumbatia, bila kulia. Walipomgeuza alitazama mara moja tu, akautandaza mkeka.

Walipomlaza mkekani, Verdiane alimgeukia polisi. "Mutoro ni huyu," alimwambia. "Sasa umemuona."

Hakorimana aliinamisha kichwa. "Nimemuona, mama."

Walimpandisha nyumbani. Wakati wa kumwosha maiti, Nyiransabimana aliwafukuza wanaume wote isipokuwa Evode, akamwambia ashike miguu. Alimwosha mwanawe polepole, mkono kwa mkono, akisema naye kwa sauti ya chini kuhusu mambo ya nyumbani: ndama amezaliwa, paa la jikoni linavuja. Alipokwisha kumfunga mkekani, alitoka uani, akajishika kichwa, akalia. Kilima kizima kilimsikia, na wanawake waliokuwa wamezuiwa uani siku ile ya kwanza waliingia.

Shamba halikuchukuliwa, na Verdiane hakupelekwa gerezani. Lakini mambo hayakwisha bure. Mkubwa wa Bukavu alikuwa anakuja, na barabara ilikuwa na shimo. Kabla tanga halijaondolewa, kapita mpya alitumwa kilimani na amri: waliolichimba ndio watakaolifukia, na wanawake wasombe mawe. Verdiane alikwenda. Alisomba mawe kutoka mtoni kwa kikapu, pamoja na Béata na wengine, na walipolijaza shimo walipangwa mstari wakaambiwa walipige kwa miguu, mbele na nyuma, mpaka liwe sawa na barabara yote. Kapita mpya hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mupige nguvu, bamama, isije ikafunguka," na akageuka asiwatazame.

Mkubwa alipita kweli. Gari lake lilikuwa jeusi na vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Lilipofika Rugarama halikupunguza mwendo, kwa kuwa hapakuwa na sababu.

Evode ndiye aliyelipa. Bwana Kamba alisema kama alivyoahidi kwamba atasema: kapita alificha maiti ili asiulizwe kuhusu ajali, kisha akaharibu barabara. Papa Damien alikwenda kushuhudia, akatembea siku nzima mpaka Masisi, akaketi kwenye baraza la biro, ofisi ya serikali, bila kuitwa ndani. Evode alipigwa fimbo, akahukumiwa kazi ya gereza, kukata barabara ya msituni, Walikale.

Kamio iliyowachukua wafungwa ilisimama Kitshanga kujaza maji, na ndugu waliruhusiwa kusogea. Annonciata alikuwa amejifungua, hakuweza kuja. Verdiane alikuja peke yake na viazi vya kuchoma, akavipitisha kati ya mbao za kamio. Tangu siku ya shimo walikuwa hawajaongea, isipokuwa maneno ya msibani.

"Ni musichana," alimwambia. "Bote bako wazima."

Evode aliitikia kwa kichwa. Mgongo ulimzuia kuinama, ikabidi apige magoti ili aweze kumwona kupitia nafasi ya mbao. "Mama?"

"Anakula. Ananiambia nikuambie ufunike mugongo, kule iko mvua."

Dereva alifunga kifuniko cha maji cha mashine na kupanda. Mlinzi aliwaambia watu warudi nyuma. Verdiane alishika ubao kwa mkono mmoja, akatembea kando ya kamio ilipoanza kusogea.

"Evode. Kule Walikale, mulima ikianguka, utataja majina."

"Nitataja."

"Ya bote."

"Ya bote, shemeji."

Aliuachia ubao. Kamio ilikata kona kuelekea magharibi, na Verdiane akajifunga kitambaa vizuri kiunoni, akashika njia ya kurudi. Aliifuata barabara yote mpaka Rugarama, akitembea katikati yake, na magari yaliyokuja nyuma yake yalipiga honi, yakangoja.